Hesabu Inayoamua Ufunguo Upi wa Bitcoin Uoneshwe

Katika mfumo wa Bitcoin, jambo linalostahili kupimwa kabla ya kuonesha ufunguo au anwani si jina lake bali ni kile ambacho mtu mwingine anaweza kukikokotoa kutokana nacho. Ufunguo wa siri ni namba ya biti 256 iliyochaguliwa kwa kubahatisha. Kutokana nayo hukokotolewa ufunguo wa umma, ambao nao hupitishwa katika kanuni za heshi, yaani kanuni zinazoisaga taarifa isirudi tena kuwa punje, ndipo ipatikane anwani. Kwa kuwa hesabu hiyo haiwezi kurudishwa nyuma, anwani hutangazwa bila hatari ya kuibiwa, ingawa daftari la miamala liko wazi na kila aijuaye anwani huliona salio lake.

Anayechanganya vitu hivi huweza kupoteza fedha papo hapo, kama ilivyotokea Desemba 2013 katika televisheni ya Bloomberg, ambako mtangazaji Matt Miller aliwazawadia wenzake hati za karatasi zenye bitcoin za dola 20. Hati moja ilioneshwa mbele ya kamera, msimbo wa QR wa ufunguo wa siri ukaonekana, na mtazamaji mmoja akauskani kwa simu na kuzihamisha sarafu hizo. Hapakuwa na udukuzi wowote, kwani mtandao ulipokea sahihi halali iliyotokana na ufunguo halali. Misimbo ya QR haitofautiani kwa macho, lakini maandishi hutofautiana: ufunguo wa siri katika umbizo lake la kawaida huanza na 5, K au L, ilhali anwani huanza na 1, 3 au bc1.

Kigumu zaidi, na ndicho kinachowaponyoka hata wajuzi, ni ufunguo wa umma uliopanuliwa, unaoanza na herufi xpub na uliofafanuliwa mwaka 2012 katika waraka wa BIP32. Duka la mtandaoni huweza kuuweka katika seva yake ili kila mteja atengenezewe anwani mpya, pasipo seva hiyo kuwa na uwezo wa kutumia hata senti moja. Anayeupata huziona anwani zote zinazozaliwa nao, na hiyo peke yake ni hasara ya faragha; hatari kubwa huja pale ufunguo mmoja tu wa siri wa anwani hizo unapovuja pamoja nao. Ufunguo wa siri wa mtoto, yaani wa anwani moja, ni ule wa mzazi, yaani unaolingana na xpub, uliojumlishwa na namba inayokokotolewa kutokana na ufunguo wa umma wa mzazi, msimbo wa mnyororo na namba ya mtoto. Viwili vya kwanza vimo ndani ya xpub, na cha tatu hukisiwa kwa urahisi. Aliye na jumla na kijumlishwa kimoja hufanya hesabu ya kutoa, akaupata ufunguo wa mzazi na, kupitia huo, funguo za ndugu wote.

Waraka wenyewe unaitaja hatari hiyo, na tiba yake ni uzalishaji mgumu, unaotumia ufunguo wa siri wa mzazi badala ya ule wa umma katika ukokotoaji, hivyo xpub haitoshi kuurudia. Pochi nyingi huuweka ugumu huo katika ngazi ya akaunti, kwa hiyo uvujaji wa namna hii huiangamiza akaunti moja na kuziacha nyingine salama.