Adui Mwenye Damu Yao: Namna ya Kumpima Mpika Fitina wa Tamthilia

Tamthilia ndefu haikosi adui, na adui wa siku hizi hakosi ndugu aliyefichwa. Bahasha ya vipimo vya vinasaba inafunguliwa, muziki unapanda, na yule aliyekuwa akimwinda steringi anageuka kuwa mama yake mzazi. Mtazamaji mgeni hushtuka. Mzoefu huuliza: siri hii imefanya kazi gani? Vipimo vinavyofuata vitakusaidia kumtambua adui aliyeandikwa kwa ustadi, na yule aliyepachikwa undugu kwa sababu mwandishi ameishiwa.

Mfano mkuu ni Sheila Carter, anayeigizwa na Kimberlin Brown. Alianza mwaka 1990 katika The Young and the Restless ya Marekani, na mwaka 1992 akahamishiwa The Bold and the Beautiful. Tamthilia zote mbili zilibuniwa na William J. Bell na mkewe Lee Phillip Bell. Waliokuwa na televisheni Kenya miaka ya tisini wanawakumbuka akina Forrester na kampuni yao ya mitindo kule Los Angeles. Basi Sheila ndiye aliyewanyima usingizi.

1. Tazama haja kabla ya hila

Adui bora anataka kitu ambacho hata mtu mwema angekitaka. Sheila alikuwa nesi aliyetaka mume na mtoto. Alimlewesha daktari Scott Grainger kwa dawa ili ashike mimba yake. Mimba ilipoharibika, akamwiba mtoto wa Lauren, aliyekuwa mke wa Scott, na kumwachia mtoto mwingine wa kununuliwa. Unyama huo haukubaliki, lakini kiu iliyouzaa inaeleweka. Adui ambaye haja yake pekee ni "kuiangamiza familia hii" ni adui wa karatasi.

2. Nani anajua nini?

Siri ya nasaba ina watu watatu: anayeificha au kuibeba, anayeumizwa nayo, na mtazamaji. Mwandishi hodari huamua mapema nani kati yao atangulie kujua. Katika La usurpadora ya Mexico (1998), Paola Bracho, tajiri aliyeichoka ndoa yake, anamlazimisha Paulina Martínez, msichana maskini, akae nyumbani kwake badala yake. Wote wawili wanaigizwa na Gabriela Spanic, kwa hiyo mtazamaji ananusa upacha tangu siku ya kwanza, huku wenyewe wakiwa gizani. Kila tusi la Paola linamwangukia dada yake wa damu. Siri hiyo ingefungiwa hadi mwisho, tungeambulia mshangao wa dakika moja na kukosa uchungu wa tamthilia nzima.

3. Zima sauti

Jaribu hili kwa dakika tano. Spanic aliwatenganisha Paola na Paulina kwa mabega, kidevu na namna ya kuingia chumbani, kabla hata ya kile kicheko cha Paola. Muigizaji hafifu hutegemea kukodoa macho na kinanda cha nyuma. Ukizima sauti, fitina yake yote inayeyuka.

4. Baada ya kufichuka, nini kinavunjika?

Hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote. Agosti 2021, Steffy Forrester anaolewa na daktari John Finnegan, maarufu kama Finn, aliyelelewa na wazazi wa kumlea. Sheila anatokea harusini na kujitambulisha kuwa ndiye mama aliyemzaa bwana harusi. Mwandishi wa kawaida angeishia hapo, lakini waandishi wa The Bold and the Beautiful ndipo walipoanzia. Sheila huyo huyo ndiye aliyempiga risasi Taylor, mama yake Steffy, mwaka 2002. Finn sasa amekwama kati ya damu iliyomzaa na nyumba aliyoijenga.

Aprili 2022, katika uchochoro wa nyuma ya mgahawa wa Il Giardino, Sheila anamwelekezea Steffy bastola. Finn anaruka katikati na risasi inampata yeye. Mama anamwangusha kwa mkono wake mwanawe aliyemfuata hadi harusini. Hapo undugu umelipa gharama yake. Ungeuondoa, tukio lingebaki kuwa ujambazi wa kawaida.

5. Je, tamthilia ina kumbukumbu?

Mwaka 2022 Sheila alijikata kidole cha mguu ili idhaniwe ameliwa na dubu. Mwaka 2024 Steffy alimchoma kisu mvamizi mwenye sura ya Sheila, na kila mtu akaamini Sheila amekufa. Mchumba wake, Deacon, ndiye aliyetambua kuwa maiti ile ilikuwa na vidole kumi vya miguu. Kidokezo kimoja kilitunzwa karibu miaka miwili, kisha kikatumika bila kumwonea mtazamaji. Hiyo ni heshima kwa anayefuatilia kwa makini.

6. Dalili za ubovu

Kata alama ukiona pacha asiyewahi kutajwa, toba ya sehemu moja, au upasuaji wa sura. Sheila mwenyewe haponi hapa. Mwaka 2006 alibadilishiwa sura ikawa ya Phyllis, mhusika mwingine, na ile maiti ya 2024 ilikuwa ya Sugar, mwanamke aliyefanyiwa upasuaji ili afanane naye. Ujanja wa vidole ulikuwa wa hali ya juu. Maelezo yaliyoufuata yalikuwa njia ya mkato.

Hukumu

Kwa haja, kumbukumbu na gharama ya damu, Sheila yuko juu. Kwa kufufuka na sura za kuazima, anashuka. Paola anamzidi katika mpangilio wa siri, kwa kuwa yake iliwekwa wazi machoni petu tangu mwanzo. Na kwako unayeandika tamthilia Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa: usimpe adui wako ndugu wa siri kabla hujajua ni kitu gani atakipoteza siku siri hiyo itakapotoka. Kama hakuna, mwache awe mbaya asiye na ukoo.