Mount Gelai, mlima uliopanda mlima

Reli haijafika Isiolo. Iliyo karibu inaishia Nanyuki, ilikofika mwaka 1930, na ile ya LAPSSET, mradi wa ukanda unaoanzia bandari ya Lamu, ingali kwenye michoro. Anayetoka huku akitaka kuona garimoshi la mvuke sharti ateremke hadi Makumbusho ya Reli, Nairobi, na asiondoke kabla ya kusimama mbele ya namba 5918, Mount Gelai.

Ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ina uzito wa tani 252. Katika reli za upana wa mita moja, duniani kote, hapakuwa na injini ya mvuke iliyozishinda nguvu. Zilivuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, mpando wa zaidi ya mita 1,600 wenye kona nyingi. Kwenye kona hizo, mwili mrefu usiojipinda ungeng'oa reli; kwa hiyo boila limebebwa katikati ya mitambo miwili, kila mmoja ukiwa na silinda na magurudumu yake na kujipinda peke yake, huku mvuke ukipita kwenye mabomba yenye viungo vinavyocheza.

Lakini mimi namhusudu fayamani, mchochea moto. Injini hii huchoma mafuta mazito, basi hakushika sepetu. Alishika valvu ya mafuta, macho kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi ni mafuta yanayopotea na masizi yanayoganda ndani. Moshi ukikosekana kabisa, hewa imezidi na boila linapoa. Alitafuta ukungu mwepesi wa kijivu, akaushikilia mlima mzima. Masizi yakizidi, alitupia mchanga tanurini, mvuto wa hewa ukaupitisha kwenye mabomba na kuyasugua. Na kabla dereva hajapunguza mvuke, yeye keshapunguza moto. Hayo hayafundishwi kwa maneno.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Gelai ilifufuliwa ikatembea tena. Boila lililolala haliamshwi kwa pupa: hujazwa maji baridi na kushindiliwa shinikizo ili lionyeshe linapovuja, kisha huwashiwa moto mdogo kwa saa nyingi, chuma kitanuke pamoja. Beyer, Peacock walifunga kiwanda chao mwaka 1966, hivyo kipuri kisichopatikana huchongwa upya karakanani, fundi akipima kile kilicholika na kukadiria kilivyokuwa kingali kipya.