Matope Haya Ni ya Wapi?

Nianze kwa kukiri: picha ninazozikosoa hapa nilizipiga mwenyewe.

Binamu yangu anaishi Ahero, pale barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kericho inapopita karibu na mashamba ya mpunga. Anatengeneza kokedama: tonge la udongo lililobeba mmea, likavishwa ule ukijani laini unaoota kwenye mawe yenye unyevu, kisha likazungushiwa uzi. Ni sanaa ya Wajapani. Koke ni huo ukijani, dama ni mpira. Anauza kupitia Instagram, na mpiga picha wake ni mimi.

Tulipiga vile unavyofikiria. Shuka jeupe ukutani, mwanga wa asubuhi dirishani, mawe matatu, maji kidogo juu ya majani ili yang'ae. Chochote kilichofanana na Ahero nilikikata: bodaboda, mabati, mbuzi wa jirani. Laiki zikamiminika. Mtu mmoja wa Nairobi akauliza kama tuko Japani, nasi tukacheka kwa raha, eti tumefika.

Kisha dani akaomba simu. Huyu amefinyanga vyungu tangu usichana wake. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaniuliza, "Nyakwara, hii matope ni ya wapi?"

"Ni ya hapa tu, dani. Nyuma ya nyumba."

"Mbona siioni?"

Uhakiki wenyewe ni swali hilo. Mimi naongezea maelezo tu.

Udongo mweusi wa Kano una kichwa ngumu. Mvua ikinyesha unavimba na kunata. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza kidole. Matonge ya kwanza ya binamu yalipasuka kabla ya wiki kuisha. Akachanganya mchanga wa mto, akajaribu makapi ya mpunga, akarudi kwa samadi iliyooza, miezi ikapita, hadi tonge moja likakubali kukaa. Kazi yote hiyo haimo kwenye picha hata moja. Wala haumo ule upande mwingine wa udongo huu: Nyando ikivunja kingo, ndio huohuo unaoingia hadi vitandani mwa watu. Mtazamaji wa picha zangu anaona uzuri usio na kwao.

Na mimi nilidhani naiga Japani. Wapi! Udongo ambao Wajapani hutumia kwa kazi hii tangu jadi, keto, ni matope meusi ya kinamasi, yaliyotokana na matete yaliyooza. Sisi tunayo mafunjo yanayooza pale Nyando inapoingia ziwani. Kumbe kokedama imetoka mahali panapofanana na kwetu, kwa watu waliochota matope yao wenyewe. Nilichokuwa naiga ni Instagram.

Sisemi shuka jeupe ni dhambi. Mteja ana haki ya kuona anacholipia, na hizo picha zimeshalipa karo ya mtoto. Lakini picha ya bidhaa ikiwa ndiyo picha pekee, aliyeifanya kazi anageuka mtu wa kufunga mzigo tu. Na siku mwingine atakapouza tonge kama hilo kwa bei ya chini, mteja atabakia na sababu gani ya kurudi Ahero?

Kuna picha moja niliyokuwa nimeificha. Mikono ya binamu imejaa matope hadi vifundoni, tonge limepasuka katikati, nyuma yake mpunga na yangeyange wawili. Mwanga mbaya, fremu imepinda.

Tuliiweka wiki jana. Kusema kweli, laiki ni chache. Nikampelekea dani simu. Hakusifu. Aliikuza, akaweka kidole juu ya ule ufa, akamwita binamu kutoka jikoni.

"Hapa," akamwambia, "maji yalizidi."