Uzito wa Kitu Kisicho na Uzito

Taa ya mezani haina macho wala mdomo. Ina kichwa cha bati, shingo ya vyuma na springi, kitako na waya, basi. Lakini mwaka 1986 John Lasseter na wenzake wa Pixar walitoa filamu ya katuni ya dakika mbili hivi, Luxo Jr., yenye taa mbili, na watazamaji wakatambua bila kuambiwa neno kwamba ile taa ndogo ni mtoto na kubwa ni mzazi. Walitambua kwa mwendo wa taa hizo. Ufundi huo nauvulia kofia.

Kukifanya kitu kisogee si kazi ngumu. Kazi ni kukipa uzito, na ndani ya uzito huo kukitia nia. Itazame taa ndogo inavyoruka. Kwanza inajikunja, kichwa kinashuka na springi zinabana. Ndipo inapofyatuka na kunyooka hewani, na ikitua inajikunja tena. Ukiondoa kule kujikunja kwa mwanzo, hutaamini kwamba taa imeruka. Utaona imenyakuliwa na mkono usioonekana. Hata mtupa jiwe huanza kwa kurudisha mkono nyuma, na jicho letu limezoea kudai maandalizi hayo kwa kila chenye uhai.

Mambo haya yalichimbuliwa miaka ya 1930 katika studio ya Walt Disney huko California. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliochora pale miaka mingi, waliyaeleza kama kanuni 12 katika kitabu chao The Illusion of Life cha mwaka 1981. Zote ni muhimu, ila kwangu mimi mama yao ni kubonyea na kunyooka. Mpira uliochorwa ukigonga sakafu hubonyea, lakini kadiri unavyopungua kimo lazima uongezeke upana, ujazo wake ubaki uleule. La sivyo utaonekana umesinyaa, si kwamba umegonga. Wachoraji wa Disney walijifunza hili kwa gunia la unga lililojaa nusu. Halina uso, halina miguu, ila lina pembe nne na unga unaoelemea upande mmoja. Likichorwa limelegea, unga wote chini, ni gunia lenye huzuni. Vuta pembe za juu, tunisha kifua, tayari lina majivuno. Na chuma kisichobonyea je? Taa ya Lasseter ilijibu kwa viungo vyake: kujikunja ndiko kubonyea kwake.

Nafasi kati ya picha na picha ndiyo inayonishangaza kuliko yote. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Chora kichwa kikitazama begani kushoto, kisha begani kulia. Usipoweka picha yoyote katikati, mtu huyo kapigwa dhoruba nusura shingo ivunjike. Ongeza chache, anakwepa kitu. Ongeza nyingine, kasikia jina lake likiitwa. Zikifika kumi hivi, ananyoosha shingo iliyokakamaa. Ni michoro miwili ileile, mtu yuleyule, na hakuna mstari uliobadilishwa usoni mwake.

Tena picha hizo hazipangwi kwa vipimo sawa. Husongamana mwanzoni na mwishoni, zikaachana katikati, kwa sababu mwili huchelewa kushika kasi na huchelewa kuiacha. Kichwa nacho hakiendi kwa mstari ulionyooka. Hushuka kidogo njiani na kuchora upinde. Kompyuta ikiachiwa kugawa nafasi sawasawa hutoa mwendo laini uliokufa, na ndiyo maana katuni nyingi za siku hizi, pamoja na nywele na maji yake ya kupendeza, hazinigusi. Mhuishaji hodari huanza na macho: yanatangulia kugeuka, kichwa kinafuata, kisha mabega. Katika ule upenyo mdogo kati ya macho na kichwa mtazamaji anaona mtu akifikiri.