Kifasiri na Mbegu Yake

Neno "kikusanyaji" limetumiwa kwa programu inayogeuza maandishi ya lugha ya programu kuwa lugha ya mashine. Kwa maoni yetu lina kasoro ya msingi: limefuata jina la Kiingereza, halikufuata kazi. Programu hiyo haikusanyi, inafasiri. Kasoro hudhihirika zaidi tunapofikia lugha ambazo programu zake za kufasiri zimeandikwa kwa lugha hizo hizo. Tukisema "lugha inayojikusanya", msomaji atawaza watu wanaojikusanya barazani.

Kiswahili kina mfasiri, anayemaliza andiko zima kabla ya kulitoa, na mkalimani, anayegeuza maneno papo hapo msemaji anaposema. Tofauti hiyo ndiyo inayotakiwa. Tunapendekeza "kifasiri" kwa programu ya aina ya kwanza na "kikalimani" kwa ya pili. Kwa maneno hayo historia ya Lisp inaeleweka mara moja: mwaka 1962, Tim Hart na Mike Levin wa chuo cha MIT, Marekani, waliandika kifasiri cha Lisp kwa Lisp yenyewe, kikalimani kilichokuwapo kikakiendesha, nacho kikajifasiri.

Wapo watakaovutwa na "lugha inayojitegemea". Neno hilo lina heshima kwetu, lakini hapa linaficha asili. Kifasiri cha Go kiliandikwa kwa C, hata kikahamishiwa kwa Go katika toleo la 1.5 la mwaka 2015. Mkulima hutenga mbegu katika mavuno yake, lakini mbegu ya kwanza aliipata kwa mwingine. Hivyo kifasiri cha awali tungekiita "kifasiri mbegu", na kilichokifuata "kifasiri kinachojifasiri". Istilahi hii ya pili ni ndefu, ila haidanganyi.

Hili si suala la urembo wa maneno. Katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing, uliochapishwa mwaka 1984, Ken Thompson alieleza jinsi kifasiri cha C kinavyoweza kutiwa hila: kikifasiri programu ya kuingilia katika mfumo, hupachika mlango wa siri; kikijifasiri, hukirithisha kizazi kipya hila hiyo. Maandishi husafishwa, hila ikabaki. Ugonjwa umo katika mbegu, haumo shambani. Istilahi inayosahaulisha mbegu humfundisha mwanafunzi kukagua shamba peke yake. Watunzi wa istilahi na walitazame jambo hili kabla ya kusanifisha.