Stelingi Hachagui Mtindo

Ukimwuliza mtu mwenye mkanda kwa nini anacheza karate, atakupa sababu tatu: nidhamu, afya na kujilinda. Naamini huwa anasema kweli. Lakini sababu zote tatu zinaifaa judo pia, zinaifaa taekwondo, zinazifaa hata ngumi za kawaida. Hazielezi kwa nini aliishia kwenye karate.

Siku hizi kuna makala nyingi za kumsaidia mtu kuchagua. Pima umbo lako, zinasema: mwenye miguu mirefu aende taekwondo, mfupi mwenye kifua aende judo. Zinaandikwa kana kwamba sote tumesimama mbele ya duka la viatu. Kwenye mji wenye kumbi tano za mazoezi, sawa. Nyamigogo, upande huu wa Biharamulo na Ngara, duka hilo halipo. Huku mtu anakutana kwanza na picha, kwenye kibanda umiza au kwenye simu ya rafiki. Baadaye, akibahatika, anakutana na mwalimu. Na mara nyingi alichokiona kwenye picha sicho anachofundisha mwalimu.

Mfano mzuri ni wa taifa zima. Mwaka 1973 Bruce Lee alifariki, tarehe 20 Julai, na wiki chache baadaye Enter the Dragon ikaanza kuonyeshwa Marekani. Mwaka huohuo Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alifika Tanzania na kuanza kufundisha karate ya Goju-ryu Dar es Salaam, kwenye dojo la Zanaki lililoitwa Hekalu la Kujilinda. Bruce Lee alijifunza Wing Chun kwa Ip Man huko Hong Kong, kisha akaanzisha njia yake mwenyewe. Goju-ryu ni ya Okinawa, ya Chojun Miyagi. Kijana wa Dar aliyetoka sinema anataka kuwa Bruce Lee alimkuta sensei wa mtindo mwingine kabisa, akavaa gi na kuanza kuhesabu kwa Kijapani: ichi, ni, san. Ni rahisi kusema alikosea njia. Mimi naona aliipata njia iliyokuwa wazi. Bomani mwenyewe hakuja kwa bahati nasibu. Dar ya Mwalimu Nyerere, baada ya Azimio la Arusha, iliwavuta Wamarekani weusi wengi. Kwa hiyo karate yetu ina siasa ya Umajumui ndani yake kuliko umbo la miguu ya mtu yeyote.

Zanzibar ilipata judo kwa namna hiyohiyo. Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia huko mwaka 1987, alikuwa mchezaji wa judo. Angekuwa bingwa wa kendo, leo tungekuwa na Wazanzibari wa kendo.

Sababu ya kujilinda, kwa huku kwetu, ndiyo inayonisumbua zaidi. Barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo inapitisha malori ya Rwanda. Mwaka 1994 Ngara ilipokea wakimbizi wapatao 250,000 kwa muda wa siku moja hivi, na vita vya majirani viliacha silaha nyingi mikononi mwa watu. Hofu ya njia hizi, kama wakubwa wanavyoisimulia, ilikuwa bunduki porini. Hakuna teke la kuzuia risasi, na kila mtu analijua hilo. Hata hivyo vijana waliorusha mateke uwanjani jioni waliendelea kurusha. Nadhani walikuwa wakitafuta kuwa mtu wa aina fulani, na aina hiyo waliipata kwenye filamu.

Sasa, filamu zipi? Hapa tunahitaji kuwa wakali kidogo, maana tunazisema zote kwa pumzi moja, "picha za Kichina", ilhali zinafundisha mambo yanayopingana. Kwenye Enter the Dragon stelingi amekamilika tangu dakika za mwanzo. Anampiga Sammo Hung hata hadithi haijaanza. Hatumwoni akijifunza. Anayecheza karate humo ni Jim Kelly, Mmarekani mweusi mwenye afro, bingwa wa kweli wa karate, na adui anamuua kabla picha haijafika mwisho. Mtazamaji wa Kiafrika anapewa mtu wa kufanana naye, kisha ananyang'anywa. Na mtafsiri wa mtindo wa Lufufu, Derek Mukandala, akiweka sauti yake ya Kiswahili juu ya picha, anaweza kuongeza utani na majina ya mitaa yetu, lakini hawezi kumfufua.

The 36th Chamber of Shaolin, ya Lau Kar-leung mwaka 1978, ni bora kwa mbali. Kijana anakimbilia hekaluni baada ya nyumbani kwao kuvamiwa, na kwanza anapewa kazi za kawaida. Anaporuhusiwa kuanza popote, anachagua chumba cha juu kabisa, na anarushwa nje. Anarudi chini: kuruka juu ya mafungu ya magogo yanayoelea ili afike kwenye chakula. Baadaye ni ndoo za maji, mikono imenyooshwa, visu vimefungwa chini ya mikono ili asiibane mbavuni. Sehemu kubwa ya picha ni kazi hiyo. Hakuna anayemuuliza ana umbo gani.

Niliitazama tena nikiwa chuoni na nikashindwa kutazama ndoo zile kama mtazamaji wa kawaida. Hapa ndoo ni za wasichana. Dumu la lita 20 kichwani, kilima, shingo imenyooka, kila siku. Goju-ryu nayo ina zoezi la kushika mitungi kwa ncha za vidole, ukitembea taratibu huku ukiizidishia uzito. Mwalimu wa karate akifika hapa kesho atakuta wanafunzi waliokwisha kuanza, na wengi wao watakuwa wamevaa sketi. Lakini kwenye picha za kibandani hawapo, na kibandani penyewe ni nadra kuwaona, kwa sababu zinazojulikana: giza, wavulana, maneno ya watu.

Mwishoni mwa mafunzo San Te anaambiwa achague chumba kimoja akisimamie. Anaomba kipya, cha watu wa nje ya hekalu, na kwa ombi hilo anatolewa nje. Hicho ndicho chumba cha thelathini na sita.

Kama kitafunguliwa Nyamigogo, swali la kwanza litakuwa ratiba. Mazoezi huwekwa saa kumi na moja jioni, jua likipungua. Saa hiyo ndiyo wasichana wako kwenye maji.