Pembeni mwa Daftari la Ubatizo

Mjukuu wa Wameksiko aliyezaliwa Texas akitaka kujua asili yake, kipimo cha vinasaba kitampa asilimia: kiasi hiki Ulaya, kiasi hiki wenyeji asilia wa Amerika, kiasi hiki Afrika. Majina hakitampa. Majina yamo katika madaftari ya parokia, na kuyatoa humo ni kazi ya ustadi ninayoistahi mno.

Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba parokia ziandike ubatizo na ndoa. Usajili wa serikali ya Meksiko ulikuja mwaka 1859. Hapo katikati ukoo mzima umo mikononi mwa makarani wa kanisa, waliobana karatasi kwelikweli. María hubaki M yenye a ndogo juu yake. Cristóbal huandikwa Xptobal. Wino wao wa chuma umekula karatasi hata maandishi ya nyuma yanajitokeza mbele. Msomaji hodari habahatishi. Hutafuta kwanza neno analolijua kwa hakika katika ukurasa uleule, tuseme jina la mwezi, akachunguza karani anavyoikunja r yake, ndipo arudi kwenye jina linalomtatiza. Ukurasa mmoja waweza kummalizia asubuhi.

Pembeni, chini ya jina la mtoto, ndipo lilipoandikwa tabaka lake, yaani asili ya damu yake: español, indio, mestizo, mulato, coyote, lobo. Hapo wenye papara huteleza. Karani aliandika alivyoona au alivyoambiwa, na mtu aliweza kubatizwa mulato akaja kuoa akiwa mestizo. Hata José María Morelos, shujaa wa uhuru anayehesabiwa kuwa chotara, alibatizwa mwaka 1765 kama Mhispania. Kwa hiyo fundi wa kazi hii hawafuati wazazi peke yao. Huwafuata wasimamizi wa ubatizo, mashahidi wa ndoa na ndugu wa tumbo moja. Husaka pia majalada ya ruhusa za ndoa, maana wachumba wenye undugu walidaiwa waueleze, na mara nyingine karani alichora mti wao wa ukoo, mababu na mabibi wakitajwa mmoja mmoja. Mchoro kama huo ni hazina.

Mwanaanthropolojia Gonzalo Aguirre Beltrán alizipekua nyaraka za kale kwa subira ya namna hii, na kitabu chake cha mwaka 1946 kikawarudisha Waafrika katika historia ya Meksiko. Baadhi yao walitoka upande wetu huu wa bara: watu wa Msumbiji waliotekwa utumwani, wakapitia mikononi mwa Wareno hadi Manila, kisha wakavushwa bahari hadi Acapulco.

Mwaka 1822 Meksiko huru iliagiza tabaka zisiandikwe tena. Ilikuwa haki kwa waliokuwa hai. Lakini anayemtafuta bibi yake mweusi leo hana neno la pembeni la kumwongoza katika miaka iliyofuata; huenda kutoka binti hadi mama, mama hadi bibi, kila kiungo akikithibitisha kwa hati yake, mpaka auvuke mwaka huo kurudi nyuma.